DaVinci Resolve ya bure: nimemalizia muvi nzima humo, haya ndo niliyokutana nayo

Naanza na jibu ili asiye na muda aondoke mapema: kama una muvi imelala kwenye hadidraivu na mfukoni huna kitu, shusha hii programu ya kuediti video leo usiku. Tena sio kwa ajili ya rangi, ambayo ndo kila mtu anaisifia, mi nakuambia shusha kwa ajili ya sauti. Rangi ya muvi yangu ni ya kawaida tu na nimeshaikubali hivyo. Sauti ndo ilikuwa imeniua kabisa, nilishaanza kutunga maneno ya kuwaambia waigizaji kwamba samahanini jamani haitatoka.

Kidogo kuhusu hiyo muvi ili mjue naongelea hali gani. Dakika 78, vyumba viwili na ngazi, waigizaji watano, nyuma ya kamera tulikuwa wanne na mmoja kati ya hao wanne ni mimi ambaye niliandika, nikaongoza, nikashika taa na kubembeleza watu wasiondoke kabla giza halijaingia. Siku 9 za kushuti. Hela yote ilikuwa akiba yangu ya miezi mitano, ikaishia kwenye nauli, kulisha watu, na kukodi maiki mbili zile ndogo za kubana kwenye nguo. Kamera tuliazima, na siku mbili za mwanzo ilikuwa bado haijafika tukashuti kwa simu (hiyo simu nitairudia, ilinitesa). Kwenye karatasi ya bajeti mstari wa kuediti niliandika "mimi" na upande wa hela nikaweka sifuri.

Sasa Resolve asili yake sio kuediti. Ilikuwa mitambo ya kurekebisha rangi tangu miaka ya 1980, mitambo ya kukaa kwenye vyumba vya studio kubwa, watu kama sisi tungeishia kuiona kwenye picha. Mwaka 2009 Blackmagic Design ya Australia wakainunua hiyo kampuni, 2011 wakaanza kutoa toleo la bure, halafu wakawa wananunua makampuni mengine na kuyaingiza humo humo, Fairlight ya sauti ikaingia 2017, Fusion ya efekti 2018. Ndo maana ukiifungua unakuta chini pamejaa kurasa, Media, Cut, Edit, Fusion, Color, Fairlight, Deliver, ni kama nyumba inayoongezwa chumba kila akipatikana mtu wa kujenga, na kila chumba kina swichi za taa sehemu yake. Wiki ya kwanza utapotea. Mi nilikaa siku nzima natafuta kwa nini kitufe kimoja hakifanyi kazi, kumbe nipo ukurasa mwingine.

Bure maana yake bure kweli, haiishi muda baada ya siku 30, haikubandikii chapa kwenye picha ukitoa faili. Toleo la kulipia linaitwa Studio na lenyewe unalipa mara moja tu, hamna mambo ya kulipa kila mwezi. Mipaka ya hili la bure ni kwamba ukitoa faili mwisho ni 3840 kwa 2160 na fremu (zile picha moja moja zinazounda video) 60 kwa sekunde, ambayo kwangu mimi niliyeshuti fremu 24 na kutoa 1920 kwa 1080 sikuwahi hata kuisogelea. Kilichoniuma ni kingine, kupunguza chengachenga za picha kwenye sini za giza kupo Studio tu, kutenga sauti ya mtu na kelele kwa kubonyeza kitufe kimoja kupo Studio tu, na mashine kujiandikia yenyewe maneno ya chini nako Studio. Ukijaribu efekti ya Studio ukiwa bure inakubali kukuonyesha ila inakupigia chapa kubwa katikati ya picha mpaka uitoe. Mi naona ni uungwana, wengine wanaona ni kejeli.

Kodi ya hii bure inalipwa na laptop. Yangu ina RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya GB 4, sio takataka lakini sio kitu cha kuringia, na siku ya kwanza nimeweka klipu za 4K kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu, nikabonyeza kucheza, picha ikasogea, ikasimama, ikasogea, feni ikaanza kulia mpaka mtu chumba cha pili akauliza kuna nini. Sababu ni kwamba kamera hizi ndogo zinabana video kwa namna ambayo fremu nyingi hazijahifadhiwa kamili, fremu moja inategemea zilizo kabla na baada yake, kwa hiyo kila ukisimamisha mahali mashine inabidi ipige hesabu za fremu kadhaa ili ikuonyeshe moja. Dawa yake ni proksi, unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi ndogo za klipu zote, unaeditia hizo, mwishoni inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Ilichukua usiku mbili kutengeneza zote, asubuhi ya tatu taimlaini ikawa inateleza. Usiruke hii hatua, watu wengi wanaosema Resolve ni nzito hawajawahi kutengeneza proksi hata moja. Na kama mashine yako iko chini zaidi ya yangu, kusema kweli jaribu Kdenlive, nayo ni bure na haihitaji misuli mingi hivyo, ila ujue unaacha Fairlight nyuma.

Halafu piga hesabu ya nafasi kabla hujaanza. Kamera yetu ilirekodi kwa Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 upate megabaiti, mara sekunde 3600 unapata kama GB 45 kwa kila saa. Tulikuwa na zaidi ya saa 9 za kamera tu, ongeza za simu, ongeza proksi, ongeza nakala ya pili ya kila kitu kwenye draivu nyingine kwa sababu draivu moja ni sawa na huna draivu. Hapo bajeti yangu ya sifuri ikavunjika, draivu ya pili nilinunua kwa mkopo kwa dada yangu na bado anaulizia.

Haya, simu. Simu nyingi zikirekodi kwa ile apu yake ya kawaida hazishiki fremu sawasawa, inakuambia 30 lakini mwanga ukipungua inashuka, ukirudi inapanda, yaani klipu moja ina mwendo unaobadilika. Ukiangalia kwenye simu huoni kitu. Sisi sauti tulirekodi pembeni kwenye kirekodi, sasa nikaja kuunganisha, sini ya dakika sita, mwanzoni midomo na maneno viko pamoja, dakika ya tatu unahisi kuna kitu hakiko sawa, dakika ya sita mtu amefunga mdomo na bado anaongea. Nililaumu programu siku mbili nzima, kumbe kosa ni langu, sikuchunguza kabla ya kushuti. Niliyapitisha mafaili yote ya simu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha mafaili ya video, nikachagua fremu za mwendo usiobadilika, nikayaingiza upya, yakatulia. Ukiwa unashuti kwa simu tafuta apu ya kamera inayokuruhusu kufunga fremu na mwanga, hapo utakuwa umeokoa siku mbili zangu. Na kingine, hakikisha mpangilio wa fremu kwenye projekti ni sahihi kabla hujaingiza klipu ya kwanza maana baada ya hapo inajifunga, hubadilishi.

Kosa langu lingine na hili nalisema kwa aibu. Projekti ya Resolve haikai kama faili kwenye folda lako, inakaa kwenye hifadhidata ya programu yenyewe. Mi nikajua ukikopi folda la muvi umekopi muvi. Nikabadilisha diski ya laptop, nikaweka mfumo upya, nikafungua Resolve, nikakuta peupe. Video zote zipo, kazi ya wiki tatu haipo. Nilikaa chini sakafuni, sitanii. Kilichoniokoa ni kwamba wiki moja kabla nilikuwa nimetoa nakala ya projekti, ile faili inayoishia na drp, nikamtumia mshkaji anionee sini moja, ipo kwenye barua pepe zilizotumwa. Nikapoteza wiki badala ya wiki tatu. Tangu siku hiyo kila nikimaliza kazi natoa drp, najitumia mwenyewe, na kwenye mipangilio nimewasha nakala za kila dakika 10.

Sasa twende Fairlight, ndo nimekuja kwa ajili yake.

Kuna sini dakika ya 41, mama anakaa kwenye ngazi anasoma barua, anaisoma kimya, halafu anasema sentensi moja tu. Ndo moyo wa muvi nzima. Dada aliyecheza mama alifanya mara mbili, mara ya pili ile machozi yanakuja bila kulazimishwa mpaka aliyeshika kamera akawa anavuta makamasi. Tukamaliza, tukakumbatiana. Usiku nimevaa hedifoni, nikasikia mmmmmmmm. Friji. Jikoni hatua nne kutoka kwenye ngazi, hakuna aliyekumbuka kuizima. Kuna mbinu ya zamani ya watu wa sauti, unazima friji halafu funguo za gari unaziweka ndani ya friji, hivyo huwezi kuondoka ukaisahau imezimwa. Mbinu naijua, gari sina, basi na friji nikaisahau.

Nilivyofanya ni hivi. Nikaweka De-Hummer, efekti ya kuondoa mvumo, kwenye hiyo klipu, ina chaguo la 50 Hz na 60 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde) kutegemea umeme wa mlipo, yetu ilikuwa 50. Mvumo wa umeme haukai kwenye 50 peke yake, unapanda na 100, 150, 200 na kuendelea, hiyo efekti inazikata zote kwa pamoja. Nikavuta kiasi mpaka mwisho, mvumo ukaondoka na mama akaondoka nao, akawa anaongea kama yupo ndani ya kopo. Nikarudisha, nikarudisha tena, nikaacha nusu hivi. Halafu ikaja Noise Reduction ya humo humo Fairlight (hii ya sauti ni ya bure, ya picha ndo ya Studio, watu wanazichanganya), unaiambia ijifunze, unaichezeshea sekunde chache ambazo hamna mtu anaongea, kelele tupu, inaishika sura yake halafu inaipunguza kwenye klipu nzima. Hapo pia usiwe na tamaa. Nilikuwa navuta kidogo, nafumba macho, nasikiliza, natoka nje nakunywa maji, narudi. Mwishoni nikakata chini ya 80 Hz kwa ekwalaiza kwa sababu sauti ya mtu kule chini haina cha maana, ni miguu na malori tu.

Bado kulikuwa na tatizo, kila nikikata kati ya pumzi moja na nyingine kimya kinakuwa kimya cha kifo, kama mtu kazima dunia. Kumbe kimya cha chumba nacho ni sauti. Ndo maana kwenye seti mnatakiwa kila lokesheni msimame wote bila kupumua kwa nguvu mrekodi sekunde 30 au dakika ya chumba kitupu. Tulifanya chumba kimoja, ngazi hatukufanya, watu walikuwa wamechoka na mimi nikaona aibu kuwaomba. Nikawa naokota vipande, nusu sekunde hapa kabla hajafungua barua, sekunde moja pale baada ya kukaa, navishona mpaka nikapata kama sekunde 12 za ngazi, nikazitandaza chini ya sini nzima. Ilinichukua jioni tatu. Ukiiona leo huwezi kujua, na hapo ndo niliipenda hii programu maana vyote hivi nilifanya bila kutoka taimlaini ya picha, sikubeba faili kupeleka programu nyingine na kurudi, nakata fremu mbili za picha narudi Fairlight sauti imeshajikata.

Sini mbili zilishindikana kabisa, jirani alikuwa anatoboa ukuta. Tukarekodi upya maneno, mwigizaji kaingia kwenye kabati katikati ya nguo zinazoning'inia, blanketi juu, maiki ileile ya kubana, laptop nje ya kabati inamchezeshea sini, anarudia mpaka midomo inakubali. Unarekodi moja kwa moja kwenye traki ya Fairlight. Sauti ya kabatini ni kavu sana, ikabidi niongeze mwangwi kidogo ifanane na ngazi. Moja kati ya sini hizo ukisikiliza vizuri utaijua, nyingine nimeshawauliza watu na wanakosea.

Kuunganisha sauti ya kirekodi na picha ni rahisi, unachagua klipu zote na mafaili ya sauti, unaiambia ifuate mawimbi ya sauti, inapanga yenyewe. Kwangu ilipatia karibu zote, zilizobaki nilipanga kwa mkono nikitazama kofi, sisi tulikuwa hatuna kile kibao cha kugonga mwanzo wa shoti, tulikuwa tunapiga makofi mbele ya kamera kila teki. Inatosha kabisa. Mwisho kuna mita ya ukubwa wa sauti, mimi nililenga LUFS -23 (LUFS ndo kipimo cha huo ukubwa) ambayo ndo kiwango cha utangazaji wa Ulaya, halafu nikasikiliza muvi nzima kwenye hedifoni, spika za laptop, na vile visikilizio vya masikioni vya simu, maana watu wengi ndo wataisikilizia humo.

Rangi sasa, kwa haraka. Ni kweli ina nguvu kuliko nilivyohitaji. Mfumo wake wa nodi unaogopesha siku mbili halafu unaona kumbe ni mstari wa mafundi, kila mmoja anafanya kazi moja anampasia mwenzake. Tatizo langu lilikuwa kamera kuachwa ijichagulie yenyewe nyeupe ni ipi kwa kila mwanga, dada yuleyule sura ya bluu shoti hii, ya machungwa shoti ile. Unachofanya unahifadhi picha ya shoti nzuri, unaigawanya skrini nusu kwa nusu na shoti mbaya, unasogeza huku unaangalia vile vipimo vya mawimbi na sio macho yako, maana macho usiku wa manane ni waongo. Zile za giza zilizojaa chengachenga nilizishindwa bila Studio, nikazifanya nyeusi zaidi tu zikajificha. Mtu mmoja kanisifia kwamba ni chaguo la kisanii, nikasema asante.

Fusion niliigusa mara moja, kufuta kichwa cha maiki kilichochungulia juu ya fremu, laptop ikawa moto kiasi cha kukunjia nguo pasi, nikatoka na sijarudi.

Kutoa faili ukurasa wa Deliver hauna shida, ila jumba tuliloahidiwa kuonyesha walitaka DCP, ile aina ya faili ya projekta za sinema. Nikatoa faili zito la ubora wa juu nikalipeleka DCP-o-matic, nayo ni ya bure, ikatengeneza usiku kucha. Kabla hujaipeleka, jaribu ichezwe kwenye projekta yenyewe, usisubiri siku ya siku.

Nyota ngapi? Nne na nusu. Nusu naitoa kwa ajili ya ile hifadhidata, najua kosa ni langu lakini hata ujumbe mmoja siku ya kwanza wangenipa, "wewe, kazi yako haipo kwenye hilo folda", ningewaombea heri maisha yangu yote. Studio nitanunua muvi ijayo kama dada yangu atakuwa amelipwa hela ya draivu.

Na ile dakika ya 41, mvumo bado upo kidogo sana, mwishoni kabisa pale mama anapokunja barua. Hakuna aliyewahi kuusikia. Nilimwambia dada aliyecheza mama nikidhani atacheka, sasa kila muvi ikionyeshwa akifika hapo ananigeukia.